Nilisafisha Tangi, Chura Akaugua

Waliohudhuria kikao chetu cha chai Ijumaa ya kwanza ya muhula huu waliniona nikiondoka kabla sambusa hazijafika mezani. Baadaye nikasikia kuwa kuna waliodhani nimenuna kwa sababu ya ule ubishi wa chai ya maziwa na chai ya rangi. La, sikununa. Nilikuwa na mgonjwa nyumbani. Mgonjwa mwenyewe ana urefu wa sentimita 3.5, na siku ile alikuwa amevimba mpaka akafanana na zabibu mbivu iliyoota miguu.

Chura si wangu. Ni wa dada mmoja wa chama chetu, mzaliwa wa Kisangani, ambaye tunakaa naye nyumba moja ya wanafunzi na milango yetu inatazamana. Katikati ya Desemba alipigiwa simu usiku kuwa baba yake mkubwa amefariki, na kesho yake alikuwa uwanja wa ndege. Aliniachia ufunguo wa chumba, pakiti ya chakula cha chura na karatasi ya maagizo ya nusu ukurasa. "Iko mutu ya kwetu," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "unichungie muzuri." Yeye humwita Mpangaji, kwa kuwa anakaa bure na usiku anapiga kelele.

Kwamba ni "mtu wa kwao" si utani mtupu. Mpangaji ni chura mdogo wa majini wa jamii ya Hymenochirus, na asili ya jamii hiyo ni madimbwi na vijito vya misitu ya Afrika ya Kati, Kongo ikiwemo. Wanaouzwa madukani hapa Marekani huzalishwa kwenye matangi, lakini mwili wao bado unadai maji ya kule: ya uvuguvugu, yaliyotulia, yenye kivuli. Hatoki majini maisha yake yote, na hata hivyo hapumui kama samaki. Ana mapafu, kwa hiyo kila baada ya muda hupanda juu mbio, akavuta hewa, akazama tena. Hana ulimi. Macho yake ni dhaifu, chakula hukitafuta kwa harufu na kwa kuhisi mtikisiko wa maji, kisha hukisukumia mdomoni kwa mikono miwili kama mtoto anayekula ubwabwa. Dume huimba chini ya maji, mlio kama wa cherehani inayosikika kutoka nyumba ya pili. Kule kwetu tunasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mimi zilinizuia kulala wiki nzima ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimelihamishia tangi chumbani kwangu ili nisiwe navuka ukumbi kwenye baridi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Nimelelewa Muheza na mama ambaye sufuria isiyong'aa kwake ni sufuria chafu. Siku ya mkesha wa Mwaka Mpya nilitazama lile tangi la galoni 10 nikaona aibu. Sifongo ya kichujio ilikuwa ya kahawia, imeganda utelezi. Vioo vilikuwa na ukungu wa kijani. Nikasema, dada wa watu atarudi akute chura wake anaishi kwenye mtaro? Nikamtia Mpangaji kwenye bakuli, nikamwaga maji yote, nikasugua mawe, nikaipeleka sifongo kwenye sinki la jikoni nikaikamua chini ya maji ya moto ya bomba mpaka ikarudi nyeupe. Nikajaza maji mapya, nikatia ile dawa ya kuondoa klorini kama karatasi ilivyosema, nikamrudisha. Maji yaling'aa kama kioo. Nilipiga hata picha.

Siku ya nne uimbaji ukakoma. Nilifurahi, naungama, nikalala usingizi mzuri. Siku ya sita nikaona hapandi tena kwa mbio; anapanda kwa shida, anabaki juu amening'inia. Hilo peke yake lisingenitisha, kwa sababu vyura hawa hupenda kuelea wametandaza mikono na miguu kama mtu aliyelala ufukweni, na ukimgusa maji kidogo huzama papo hapo. Huyu nilipoyatikisa maji hakuzama. Chakula alikiacha. Asubuhi ya siku ya saba tumbo lilikuwa limejaa, na kufikia jioni uvimbe ulikuwa umeenea hadi shingoni na mapajani, ngozi imevutika hata inapitisha mwanga.

Bibi yangu angeiita safura. Shuleni tulifundishwa kwamba safura ni ugonjwa wa minyoo unaomaliza damu, lakini wazee walilitumia neno hilo pia kwa mtu anayejaa maji mwilini, na sijapata neno linalofaa kuliko hilo. Uvimbe wa namna hii kwa chura ni dalili tu ya jambo jingine. Ngozi ya chura ni kama mlango ulioachwa wazi: maji huingia kupitia humo saa zote, na kazi ya figo ni kuyatoa. Figo zikichoka, au bakteria wakiingia kwenye damu, au maji anayoishi yakiwa na sumu, yale yanayoingia hayatoki. Chura anajaa.

Nilikimbilia kwanza dukani. Kijana wa kule alinipa chupa ya dawa ya samaki akasema nitie matone 10. Namshukuru mwenzetu mmoja, Mmarekani anayesoma udaktari wa mifugo na yuko mwaka wa pili wa Kiswahili, kwa kuniambia niifunge ile chupa. Dawa nyingi za samaki zimepimwa kwa kiumbe mwenye magamba. Chura hana magamba, hunyonya kila kitu kilichomo majini, na dawa zenye shaba zinaweza kumuua. Kisha akainama kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu, akatangaza: "Chura yako imejaa maji." Siku nyingine tungemcheka kwa ngeli. Siku ile hakuna aliyecheka. Akaniuliza swali moja tu: "Ulibadilisha nini?"

Nikamwonyesha picha yangu ya tangi linalong'aa.

Alitoa kisanduku cha kupimia maji, zile chupa za matone zinazobadilika rangi. Amonia ilitakiwa kuwa sifuri. Yale maji yangu meupe, mazuri, ya kupigwa picha, yalitoa kijani cha amonia miligramu 2 kwa lita. Nilijifunza hapo somo ambalo kila muuza duka angepaswa kulitoa kabla ya kupokea pesa. Kinyesi cha mnyama na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika ile sifongo chafu wanaishi bakteria wanaoila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na huondoka unapobadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga kwenye tangi jipya, mara nyingi 4 hadi 6. Ule utelezi wa kahawia niliouonea aibu ndio uliokuwa mtambo wa kusafisha maji. Niliuua wote kwa dakika mbili, kwa maji ya moto yenye klorini, halafu nikaendelea kulisha.

Sifongo huoshwa, msinielewe vibaya. Lakini huoshwa kwa kuikamua taratibu ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, tena si siku moja na kubadilisha maji mengi. Maji hubadilishwa robo yake, au theluthi ukizidisha. Na maji ya bomba ya miji mingi ya hapa hutiwa kloramini, si klorini peke yake, kwa hiyo ule ujanja wa kuacha ndoo wazi usiku kucha ili dawa iruke hautoshi. Kloramini hairuki, lazima dawa ya kuiondoa.

Basi tukamtengenezea wodi. Chombo cha plastiki chenye mfuniko uliotobolewa matundu, maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, kina cha sentimita 6 tu. Kina hicho kina maana kubwa kwa chura mgonjwa: anayevuta hewa juu akiwa hana nguvu anaweza kuzama akafa maji, naye ni wa majini. Hakuna mawe chini. Jani moja laini la bandia la kujifichia. Joto nyuzi 25 za Selsiasi, maana chini sana mwili wake hupoa na kinga hulegea. Maji mapya ya joto lile lile kila siku, taa hafifu, na kumwacha. Hilo la kumwacha lilinishinda kuliko yote; kila nusu saa nilikuwa nachungulia.

Halafu hospitali. Si kila daktari wa wanyama hapa hutibu chura. Wengi ni wa mbwa na paka, na nilipiga simu nne kabla ya kumpata anayeshughulikia wanyama wa namna hii, mwendo wa dakika 40 kwa gari. Ada ya kumwona tu ilikuwa dola 95. Chura mwenyewe alinunuliwa kwa dola 6.

Nilimpigia mama. Sikuwa naomba ruhusa, nilitaka tu sauti yake, lakini aliposikia "hospitali" alishtuka, na aliposikia "chura" alinyamaza, kisha akacheka mpaka nikamsikia anavuta kiti akae. "Mwanangu, hapa mtaroni wamejaa. Nikutumie?" Sikuweza kumjibu kwa kumtajia bei. Dola 95 kwa mama ni pesa inayojulikana itakwenda wapi. Nilichomwambia ni kwamba chura ni amana. Hapo akaacha kucheka. "Amana kweli?" Ndiyo mama. "Basi mpeleke."

Anayetaka kuona jinsi Wamarekani na Watanzania walivyowahi kuhangaika pamoja kwa ajili ya chura hana haja ya kwenda mbali na sisi tunaoishi Ohio. Vyura wa Kihansi, wale wadogo wa manjano walioishi penye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi kule Udzungwa na kwingine popote duniani hawakujulikana, walikosa manyunyu yao baada ya bwawa la umeme kupunguza maji. Mwaka 2000 walichukuliwa 499 wakaletwa Bronx Zoo, New York, na baadaye wengine wakafugwa Toledo, hapa hapa jimboni. Kule Kihansi kwenyewe mitambo ya kunyunyizia maji ilifungwa, lakini vyura wakapukutika, na ukungu wa ngozi unaoua vyura duniani kote ulikutwa huko mwaka 2003. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 mia moja wakarudishwa Dar es Salaam. Nilimsimulia mama haya yote siku nyingine. Alisema umeme nao alikuwa anauhitaji, na sina jibu la hilo.

Kumsafirisha ilikuwa kazi. Nje ilikuwa chini ya sifuri na theluji barabarani. Tulikitia kile chombo ndani ya mfuko wa chakula unaohifadhi joto, na chupa ya maji ya vuguvugu imefungwa taulo pembeni. Daktari alimpima: gramu zisizofika 5, na sehemu kubwa ilikuwa maji. Kumlaza alitumia unga wa ganzi aliouyeyusha kwenye bakuli, chura akaunyonya kwa ngozi yake, ile ile iliyomponza. Kisha sindano nyembamba kuliko zote nilizopata kuziona, chini ya ngozi, na maji mepesi yakatoka. Mpangaji akasinyaa mbele ya macho yetu, akawa na mikunjo kama mzee.

Msijaribu hili nyumbani. Nasema kwa sababu nimesikia watu wakisimulia walivyotumia sindano ya kushonea. Wala sitataja dawa aliyopewa na kipimo chake, maana ilikuwa ya kuogeshwa kwa dakika zilizohesabiwa, kwa uzito ule na ugonjwa ule. Daktari mwenyewe hakutaka kuapa kuwa chanzo ni kimoja. Huenda figo zilikuwa na hitilafu tangu zamani, huenda bakteria, alisema, amonia ilimalizia. Nililishika neno "huenda" kama mtu anayezama anavyoshika ubao.

Jambo jingine aliloniuliza lilinitoa jasho: sifongo niliioshea wapi? Nilipojibu sinki la jikoni aliweka kalamu chini. Vyura hawa hubeba salmonela bila wao wenyewe kuugua. Kati ya 2009 na 2011 ulizuka ugonjwa hapa Marekani uliofuatiliwa hadi kwa vyura hawa hawa wadogo wa majini. Watu zaidi ya 200 waliugua katika majimbo zaidi ya 40, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Jirani yetu wa chini ana mtoto wa miaka miwili ambaye hupanda kwetu kila jioni kumwona "babu chura". Tangu siku hiyo tangi lina ndoo yake, mpira wake na taulo lake, maji machafu humwagwa chooni, na mtoto haruhusiwi kutia mkono majini. Mikono ni sabuni kila mara.

Na yule dada? Sikumwambia kwa siku nne. Nilijiambia kwamba mtu aliye matangani haongezewi habari mbaya, na hivyo ndivyo tulivyolelewa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Usiku wa kurudi kutoka kwa daktari nikamtumia ujumbe wa sauti wa dakika sita, nikaeleza kila kitu, sifongo, maji ya moto, picha. Kisangani kulikuwa kumekucha. Alijibu baada ya saa moja: "Ulisafisha mingi." Kimya kidogo. "Ni mimi sikuandika kwa karatasi. Kosa iko ya sisi wawili." Kisha akauliza kama amekula.

Alikula siku ya tatu baada ya sindano: vipande viwili vya mabuu mekundu yaliyogandishwa, niliyoyayeyusha kwanza na kumsogezea kwa kijiti. Kwa tangi lenyewe, mwenzetu wa udaktari alituletea kipande cha sifongo chafu kutoka kwenye tangi lake la miaka mitatu, lisilo na ugonjwa, tukakipachika kwenye kichujio chetu. Zawadi ya uchafu. Wiki mbili baadaye amonia sifuri, nitriti sifuri, na Mpangaji akarudi nyumbani. Dada alirejea mwisho wa Januari akamkuta anaimba. Mimi sikulala tena, na sikulalamika.

Kwa wenye vyura wa majini, au wanaopanga kununua, niongeze machache. Kwanza hakikisheni mna chura gani, maana maduka huwachanganya. Tazama mikono: akiwa na utando katikati ya vidole vya mbele ni huyu mdogo wa Kongo, akiwa na vidole vya mbele vilivyo wazi ni yule mkubwa wa kusini mwa Afrika, Xenopus, ambaye hufika ukubwa wa ngumi, huishi miaka 15 na zaidi, hutaka maji ya baridi kidogo, na atawameza samaki wako wote. Ndiye aliyesambazwa duniani tangu miaka ya 1930 kwa ajili ya kupima mimba: jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na mwanamke akiwa mjamzito chura hutaga. Leo katika nchi kadhaa ameshaota mizizi kwenye mabwawa yasiyo yake, kwa hiyo chura wa tangini, mzima au mgonjwa, haachiliwi mtoni hata kwa huruma.

Ngozi kubanduka kipande kizima kisha akaila si ugonjwa; hufanya hivyo kila baada ya wiki chache. Ngozi kubanduka mfululizo, vipande vipande, na chura anajaribu kutoka majini, hiyo mpeleke upesi, huenda ni ule ukungu niliotaja, na unatibika ukiwahiwa. Pamba nyeupe mwilini, au wekundu kwenye mapaja, vile vile. Mawe ya chini yawe makubwa kuliko kichwa chake, la sivyo atayameza pamoja na chakula.

Katikati ya Februari uvimbe ulirudi. Maji safari hii yalikuwa safi kwa vipimo vyote. Tulipima mara tatu. Daktari akatoa maji tena, na baada ya siku tisa yakawa yamejaa tena, na hapo akasema figo. Dada alikaa naye usiku mmoja, chombo kikiwa mezani karibu na vitabu vyake, asubuhi akaniomba nimwendeshe. Kuna wanaoshauri chura agandishwe kwenye friji ili afe taratibu. Daktari alisema huko ni kumtesa. Ni ule ule unga wa ganzi, kwa wingi zaidi, akalala asiamke. Dada alitaka kumzika lakini ardhi ilikuwa imeganda kama saruji, tukamwacha kule kule hospitali.

Tangi hatukulizima. Kwa kuwa hatukujua kwa hakika chura alibeba nini, tuliliosha lote kwa dawa, safari hii kwa ruhusa na kwa maelekezo, likakauka kabisa, tukaanza upya na sifongo nyingine ya kuazima. Kila siku dada hutia chembe ya chakula kwenye maji matupu ili bakteria wapate kula. Vyura wawili wapya wako chumbani kwangu kwenye chombo chao cha karantini, mbali na tangi, siku 30. Leo ni ya 11. Mmoja ameanza kuimba.